Kiganja Juu ya Lenzi

Nimesharudisha ufunguo wa kabati la kamera, nimesaini, na mudir, meneja wetu, amenikatia keki kubwa kuliko friji yangu. Chumbani kwangu hapa Al Thumama, Doha, masanduku mawili yako wazi sakafuni, na ndege zinapita juu ya paa kila baada ya dakika chache kunikumbusha kwamba mojawapo itanibeba mwisho wa mwezi. Nyinyi watatu mnaobaki mliniomba niwaandikie namna kazi inavyofanyika. Mwongozo mnao, umebandikwa ukutani kwa Kiingereza na Kiarabu, na sijawahi kumwona mtu akiusoma. Mimi nitaandika niliyoyaona, pamoja na moja nililolifanya mwenyewe, ambalo nasikia hapo ofisini mnalisimulia visivyo.

Kwa atakayeyakuta maandishi haya bila kutujua, kazi yetu ni kurekodi ushahidi kwa video. Kesi iko mahakama ya nchi nyingine, shahidi yuko Doha. Mawakili wa pande zote mbili wanakutana naye kwenye chumba cha mikutano, anaapishwa, anaulizwa, anajibu, na sisi tunarekodi tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Hakimu atamwona shahidi huyo kwenye kioo tu, pengine miezi mingi baadaye. Tusichokirekodi, kwake yeye hakikutokea.

Kamera niliijulia Tanga, kwenye harusi, na hasa zile sherehe za wanawake watupu. Mitandio inavuliwa mlangoni, nywele zinaachiwa, na bibi mwenye miaka sabini anacheza mambo ambayo wajukuu wake hawajui kama anayaweza. Mpiga video wa sherehe hizo ana sheria moja iliyo juu ya zote, nayo ni kusitiri. Akipita mwanamume aliyeleta kreti za soda, au kanga ikimponyoka mtu, unaweka kiganja juu ya lenzi. Hungoji kuambiwa. Kuzima kamera kunachukua sekunde mbili tatu, kiganja hakichukui hata nusu. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aibu ya harusi aijuaye mpiga video, na asiyeweza kuitunza hapati kazi ya pili mtaani.

Doha niliitwa kwa kazi hiyohiyo. Kumbi za wanawake za huku zina masharti makali kuliko yetu: simu zinakusanywa mlangoni na mwanamke mwenye mikono kama ya polisi, na sherehe ikiisha kanda inakabidhiwa kwa mama wa bibi harusi, mkono kwa mkono. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Kisha kampuni yetu ikapata shahidi mwanamke aliyekataa katakata kukaa mbele ya mwanamume mwenye kamera. Wakatafuta mpiga video wa kike, nikaazimwa kwa siku moja. Siku moja hiyo imechukua miaka kumi na sita.

Aliyenipokea ni Prossy, Mganda, ambaye ninyi mlimkuta akiwa mkuu wa mafundi, akiwa ameshalainika. Mimi nilimkuta angali mkali. Alikuja Qatar kufagia kumbi za hoteli, akajifunza kufunga maiki kwa kuwatazama mafundi kila siku wakizifunga vibaya. Asubuhi ile nilifanya kama nilivyozoea: wakili akiuliza naigeuza kamera kwake, shahidi akijibu naigeuza kwa shahidi, na shahidi alipotokwa machozi nikavuta picha mpaka chozi likajaa kioo. Kwenye harusi ningepewa zawadi. Wakati wa mapumziko Prossy akanivuta kando.

"Banange, wewe mama! Hapa si harusi. Hii kamera haina shingo. Unaiweka, inakaa."

"Lakini anayesema ni wakili."

"Wakili aongee mpaka achoke. Hakimu anataka kuona nani? Shahidi. Kichwa mpaka meza, basi. Usivute, usisukume, usimwonee huruma."

Hilo la mwisho nililiweka kwenye mfuko uliotoboka, kama mtakavyoona.

Alinifundisha vifaa kimoja kimoja. Kitambaa cha kijivu nyuma ya shahidi, kipigwe pasi, maana hakimu aliyechoka hutazama mikunjo ya kitambaa. Maiki mbili, na kadi mbili zinazorekodi kwa pamoja. Hedifoni hazitoki masikioni mpaka kikao kiishe. Kiyoyozi kizimwe kabla ya kuanza, mawakili watalalamika, waacheni walalamike. Sauti yetu inasikika mwanzo na mwisho tu, tukitaja tarehe, saa, mahali na jina la shahidi. Hatuzimi mpaka mawakili wote wawili wakubali. Na baada ya kila kikao, aliyekuwa kwenye kamera anasaini cheti cha kiapo kwamba rekodi ni kamili na haikuguswa. Prossy alinifanya nikisome cheti kile kwa sauti mara tatu, kama mtoto wa madrasa.

Mengine nilijifunza kwa mashahidi wenyewe. Mama mmoja alikuwa na bangili za dhahabu zilizogonga meza kila alipojibu. Nikamwomba azivue, akasema amevishwa na mama mkwe aliyekwisha fariki na hazitoki bila sabuni. Tukazifunga kwa leso yangu, na leso sikurudishiwa. Dereva mmoja wa basi aliulizwa alivyokanyaga breki, akaonyesha kwa miguu, chini ya meza, pasipoonekana kitu. Tangu hapo kabla ya kuanza namuuliza wakili: shahidi wako ataonyesha jambo lolote kwa mwili wake? Hata nyinyi ulizeni. Kuhusu mawakili, msiwaogope. Asubuhi watagombana kama wake wenza, saa sita utawakuta wanagawana biriani na kuulizana habari za watoto.

Sasa nifike kwa Saumu.

Ulikuwa mwaka wangu wa tisa, na nilikuwa nimeshajiona fundi. Saumu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Malindi, mfanyakazi wa chumba cha kufulia katika hoteli moja. Mashine ya kupiga pasi mashuka kwa mvuke ilikuwa na ubao mzito wa chuma unaoshuka juu ya shuka, na wenye kizuizi cha kuuzuia usishuke mkono wa mtu ukiwamo. Siku moja kizuizi hakikufanya kazi. Aliinama kulitoa shuka lililokwama, ubao ukamshukia shingoni. Tangu siku hiyo shingo haikugeuka, akitaka kukutazama ilimbidi ageuke mwili mzima. Madaktari walisema operesheni ingeweza kumsaidia, ila si operesheni ya mtu wa kufulia kujilipia.

Wakili wake alikuwa amewashitaki waliotengeneza mashine, katika mahakama ya nchi yao. Kampuni ile ikajibu kwamba mashine yao ni nzima, na kwamba mwanamke huyu aliungua na mafuta ya moto jikoni kwake, kisha akatafuta wa kumsingizia. Picha za hospitali zilikuwa za bandeji tu. Mwaka mzima Saumu alikataa kovu lake kupigwa picha, hata na muuguzi, kwa sababu lilianza nyuma ya sikio, chini ya nywele, na kushuka hadi begani. Mwishowe alikubali kulionyesha mara moja, chini ya kiapo, mbele ya kamera. Siku tatu baadaye alikuwa na ndege ya kurudi kwao, kibali chake cha kukaa kilikuwa kimekwisha na hakuna aliyetaka kumwongezea.

Chumbani tulikuwa watu sita. Saumu, wakili wake, wakili wa kampuni, mkalimani, mwanasheria wa kumwapisha, na mimi. Wanawake tulikuwa sisi wawili. Wakili wake akasema, "Tafadhali ioneshe mahakama." Saumu akapeleka mkono kwenye pini ya mtandio. Kilichofuata nilikiona vizuri, kovu nililiona kwa macho yangu, na baadaye nikafunga vifaa vyangu nikiwa na huzuni na pia na fahari, nikisema moyoni kwamba kazi imekwenda.

Alasiri ofisini nikakaa kuitazama rekodi, kama kawaida, kabla ya kusaini cheti. Ikafika pale. Saumu anapeleka mkono kwenye pini, na picha inakuwa giza. Sauti ipo, safi, inasema, "Hapa ndipo uliponishika, na huku ndiko nilikovutia." Picha hamna. Giza lenyewe lilikuwa na wekundu pembeni, mwanga wa taa ukipita kwenye nyama ya vidole vyangu. Sekunde hamsini na mbili. Kisha kiganja kinaondoka na Saumu anaonekana amekwisha jifunga mtandio, anakunywa maji.

Wallahi sikukumbuka kuweka mkono. Mwanamke alivua mtandio mbele ya wanaume wanne, na mkono ukaenda wenyewe kama ulivyokwenda miaka yote. Nilikuwa nikimtazama yeye, si kioo, na wengine wote walikuwa wakimtazama yeye pia. Mazoea yana taabu.

Nilimwita Prossy. Akatazama mara moja, akaomba kutazama tena, akavuta kiti akakaa.

"Wakili wake anajua?"

"Hajui mtu."

"Kadi huwa zinakwama," akasema taratibu, bila kunitazama. "Mashine ni mashine. Nani atauliza?"

Sijawahi kumwambia jinsi nilivyotamani kulikubali neno lile. Mudir angeuliza swali moja, angeagiza kadi mpya, na mimi ningebaki fundi. Lakini Prossy mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba kamera ikikwama mara moja, upande wa pili una haki ya kudai imekwama kila mahali. Rekodi nzima ingetupwa, saa nne za maneno ya Saumu, na yeye angekuwa Malindi. Nikisema ni mkono wangu, kilichoharibika ni sekunde hamsini na mbili.

"Mashine haikukwama," nikamwambia.

"Najua haikukwama." Akasukuma cheti mbele yangu. "Basi andika. Jina humo ni lako, si langu."

Nikaandika: mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, bila kuamriwa na mtu, niliziba lenzi. Wakili wa Saumu alipokisoma hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema tu kwamba ni lazima Saumu arudie, na kwamba ni lazima mtu akamwambie.

Jambo kama hilo halisemwi kwa simu. Kesho yake nilikwenda Al Wukair, kwenye nyumba aliyokuwa anaishi na jamaa zake wawili. Nilimkuta anakunja nguo za wanawe, za kupeleka nyumbani, anazipanga kwa ukubwa.

"Karibu mama. Mbona waja wewe? Kuna nini?"

"Saumu, mwanangu, nimekukosea."

Nikamweleza yote. Aliendelea kukunja mpaka nikamaliza, kisha akaiweka chini fulana aliyokuwa nayo.

"Kwa hivyo hakuna kitu."

"Sauti ipo. Picha ndiyo hakuna."

"Mama, wajua nilijizoeza siku ngapi? Huko msalani, mbele ya kioo. Navua, navaa. Navua, navaa. Ya kwanza nilitapika. Mamangu mzazi hajaliona kovu hili. Nikasema haidhuru, n'tavua mara moja, wakaone, ikishapita imepita. Na ikapita! Usiku ule nililala, mama, mwaka mzima sikulala hivyo. Sasa waja waniambia nirudi nikavue tena."

"Nilitaka kukusitiri."

"N'na aibu gani mie? Mie niliiba?" Aligeuka mwili mzima kunikabili. "Kule ukumbini kwenu labda mtu huvuliwa. Mie sikuwa navuliwa, mama. Mie nilikuwa navua."

Nina umri wa kumzaa, nimesitiri wanawake wa miji miwili, na sikuwahi hata mara moja kumuuliza mmoja wao kama anataka. Nililia mbele yake, nikamwambia tutaleta mpiga video mwingine wa ofisini kwetu, Mfilipino wa kike, hodari kuliko mimi.

"Simtaki," akasema, akiokota fulana. "Nakutaka wewe wewe."

Kikao kikapangwa siku moja kabla ya ndege. Wakili wa kampuni hakukubali kirahisi. Alisema shahidi amekwisha sema, na kwamba kurudia ni kumpa nafasi ya kupangiwa maneno. Alikubali kwa sharti kwamba niapishwe mimi kwanza. Basi nikakaa kwenye kile kiti cha shahidi, Prossy akiwa kwenye kamera. Miaka tisa nilikuwa nikiwaambia watu "kaa kawaida tu, bibi", na siku ile ndipo nilipojua kwamba haiwezekani.

"Nani alikuambia uzibe lenzi?"

"Hakuna."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Alivua mtandio mbele ya wanaume."

"Uliliona kovu?"

"Nililiona."

Alisubiri niendelee. Prossy alishatufundisha, anayejibu zaidi ya alichoulizwa hujitafutia swali jingine. Nikafunga mdomo. Akanitazama, akatazama cheti, akasema inatosha.

Nikainuka, tukabadilishana na Prossy, akaenda kusimama mlangoni. Saumu akakaa. Nikataja tarehe, saa, mahali na jina lake. Akaapishwa. Wakili wake akamwomba aonyeshe, na yeye hakupeleka mkono kwenye pini. Alinitazama mimi.

"Mama, mikono nyuma."

Mkalimani akasita, kisha akalitafsiri, kwa kuwa kazi yake ni kutafsiri kila neno. Wakili wa kampuni akaandika kitu. Nikaiweka mikono nyuma ya mgongo, nikashika kiganja kimoja kwa kingine kwa nguvu.

Akatoa pini ya kwanza, akaiweka mezani. Ya pili. Mtandio akaukunja mara mbili kama alivyokuwa akikunja nguo za wanawe, akauweka pajani, akazikusanya nywele upande mmoja. Halafu akageuka mwili mzima, taratibu, mpaka shingo yake ikaielekea kamera. Mistari minne, imenyooka kana kwamba imepigwa rula, kutoka nyuma ya sikio hadi begani, na baina yake madoa ya matundu ya mvuke, yamepangika safu kwa safu. Mafuta ya jikoni hayachomi kwa rula. Akaweka mkono wake juu ya mistari ile, kidole kwa kidole, akaeleza ubao ulivyoshuka, alivyovuta, alivyopiga kelele na kelele za mashine zikammeza. Sauti yake haikutikisika. Yangu ingetikisika ningeitwa kusema. Machozi yalinishuka mpaka kidevuni na sikuyafuta, maana mikono ile haikuwa yangu tena.

Alipomaliza, wakili wa kampuni alikuwa na karatasi mbili za maswali mbele yake. Alisoma ya kwanza, akaigeuza, akasoma ya pili, akaziweka zote chini ya faili.

"Sina swali," akasema. Mafuta ya jikoni hayakutajwa siku ile.

Wakili wa Saumu akasema naye hana zaidi, wamekubaliana, tunaweza kufunga. Wote wawili wakanigeukia. Kwa kanuni hapo nilitakiwa nitaje saa na kuzima. Saumu alikuwa bado hajajifunika. Prossy alinitazama kutoka mlangoni, na mimi sikusogea. Saumu akaufungua mtandio, akauzungusha, akachukua pini ya kwanza, akaikosa, akaishika tena. Akamaliza na ya pili, akaunyoosha mtandio kifuani kwa viganja vyote viwili, kisha akaitazama lenzi moja kwa moja.

"Haya mama," akasema. "Sasa zima."

Nikazima.